Droni zimemfanya nini askari wa miguu? Wenye ndugu walioahidiwa "kazi" Urusi, someni hapa

Wakuu, habari za muda huu.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa na harusi Morogoro. Mpiga picha akarusha droni yake juu ya maturubai, watoto wakaifukuzia wakiipungia mikono. Mjomba wangu, mjeshi mstaafu, alikuwa amekaa karibu yangu na soda yake. Akainua uso, akaisikiliza, akatabasamu. "Hiki kidude sisi tulikuwa tunakipenda," akaniambia. Alikuwa Goma, mashariki mwa Kongo, mwaka 2013, kwenye ile brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa na Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, iliyosaidia kuwafurusha waasi wa M23 mwezi Novemba. Desemba mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ukarusha pale Goma droni zake za kwanza, zisizo na silaha, za kutazama tu. Kwa askari aliyekuwa akipiga doria Kivu, droni ilikuwa na maana moja: kuna mwenzako yuko juu, anakuangalizia kilichojificha mbele.

Meza hiyohiyo alikaa kijana wa jirani yetu, fundi wa kuchomelea, miaka 24. Ameahidiwa kazi ya ulinzi wa maghala Urusi. Nauli juu yao, mshahara wa dola, na akifika kuna "mafunzo mafupi" ya wiki mbili. Mjomba alipoyasikia hayo mafunzo mafupi, lile tabasamu likafutika. Mimi mwili ulinisisimka kabisa.

Nimeifuatilia vita ya Ukraine tangu Februari 2022, kwa maandishi, kwa video, kwa simulizi za askari wa pande zote mbili. Ninachotaka kukieleza hapa ni hiki: droni haikuja tu kama njia mpya ya kumuua askari wa miguu. Imemnyang'anya vile vitu ambavyo tangu enzi vilimwezesha kuistahimili vita, yaani wenzake wa pembeni, giza la usiku, machela ya kumtolea akiumia, na lile tumaini kwamba huenda adui hajamwona.

Uzi ni mrefu, vumilieni.

Nianze na tulikotoka, kwa kifupi. Mwaka 2020 Azerbaijan na Armenia walipigana siku 44 kugombea Nagorno-Karabakh. Azerbaijan ilikuwa na droni za Bayraktar TB2 za Uturuki na Harop za Israeli, zile zinazozunguka angani zikitafuta shabaha na kisha kujibamiza nayo. Walichukua hata ndege kuukuu za Kisovieti aina ya An-2, wakazirusha bila rubani, ili mitambo ya kutungulia ndege ya Armenia izifyatulie na kujionyesha ilipo. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya jirani zetu wa Ethiopia. Wapiganaji wa Tigray walishafika Debre Sina, kama kilomita 200 tu kutoka Addis Ababa. Halafu serikali ikaleta droni za Uturuki, China na Iran, misafara yao ya chakula na risasi ikaanza kuteketea barabarani, na Desemba 2021 wakarudi kwao.

Hizo zilikuwa droni kubwa. Mabawa ya TB2 yana upana wa mita 12, na ni nchi inayoinunua. Inatafuta kifaru, mzinga, lori la mafuta. Askari mmoja mmoja shambani haikuwa na haja naye.

Ukraine ndiko droni iliposhuka mpaka kwa mtu mmoja.

Chukua fremu inayoenea mapajani ukiwa umekaa. Mapangaboi manne, betri, kamera ndogo mbele. Chini yake, kwa kamba za plastiki za kukazia nyaya na tepu nyeusi ya umeme, kimefungwa kichwa cha RPG-7, silaha ambayo mjeshi yeyote wa Afrika anaifahamu. Rubani yuko kilomita kadhaa nyuma ndani ya handaki, amevaa miwani ya video, anaona kile ambacho kamera inakiona, kana kwamba yeye mwenyewe ndiye anayeruka. Inapita kilomita 100 kwa saa. Hairudi. Gharama yake ni kama dola 400 au 500. Piga hesabu kwa shilingi yetu: hata bodaboda mpya hupati kwa hela hiyo. Na Ukraine peke yake imesema mwaka 2024 ilitengeneza zaidi ya milioni 2 za aina mbalimbali.

Zamani kombora la kuongozwa halikutupwa kwa mtu mmoja, lilikuwa ghali mno. Leo nimeona droni mbili, tatu, nne zikimfuata mtu mmoja anayekimbia kwenye shamba la alizeti. Ya kwanza ikikosa, ya pili iko njiani. Maofisa wa Ukraine wanasema sasa droni ndizo zinazosababisha zaidi ya asilimia 70 ya vifo na majeruhi uwanjani.

Naendelea.

Waliopita jeshini watanielewa upesi hapa. Askari wa miguu hufundishwa kupigana kwa kundi: seksheni, platuni, kombania. Mmoja anasogea, mwingine anamfunika kwa risasi. Kundi ndiyo silaha yake, na kundi ndiyo moyo wake pia. Sasa kundi limekuwa shabaha. Watu kumi wakikusanyika sehemu moja, ndani ya dakika chache kuna kamera juu yao, na nyuma ya kamera kuna mzinga au droni za kujilipua. Kwa hiyo wametawanywa. Kituo kinakaa watu wawili, watatu, ndani ya shimo lililofunikwa kwa magogo na udongo, na kituo kinachofuata kiko mamia ya mita mbali. Hata Warusi, waliokuwa wakipeleka misafara ya deraya mwaka 2022, siku hizi wanashambulia kwa mtu mmoja mmoja au wawili wawili, wanapenya kwa miguu, au wanakwenda mbio kwa pikipiki wakitegemea mwendo kasi uwaokoe.

Na hatari haiko tena mstari wa mbele peke yake. Ukanda wa kilomita 15 mpaka 20 kutoka walipo adui ni eneo ambalo chochote kinachosogea mchana kinaonekana na kinaweza kupigwa. Lori halifiki. Barabara zimefunikwa kwa nyavu, kilomita na kilomita, kama vichuguu vya chandarua, na nyingine ni nyavu za uvuvi zilizotumika, zilizoletwa kama msaada kutoka Ulaya. Kumpeleka askari kwenye kituo chake ni mwendo wa usiku kwa miguu, pengine kilomita 10 au zaidi, mzigo mgongoni. Wengi wanauawa hapo, hata kituo hawajakiona.

Ndiyo maana anayefika haondoki. Kubadilishana zamu ni hatari kuliko kubaki. Wapo walioshikilia shimo moja zaidi ya siku 100. Maji, chakula, betri na risasi vinadondoshwa na droni za mizigo usiku, na droni ya mzigo ikitunguliwa, siku hiyo unalala na kiu. Haja kubwa unajisaidia ndani ya mfuko, kwa sababu kutoka nje ya shimo kwa dakika mbili ni kuweka roho rehani. Haya si ya kutungwa, askari wenyewe wameyasimulia mara nyingi.

Usiku? Zamani usiku ulikuwa wa askari wa miguu. Sasa kuna droni kubwa za mapangaboi sita, ambazo Warusi wamezipa jina la yule bibi mchawi wa hadithi zao, Baba Yaga. Zina kamera ya joto. Mwili wako ulio hai, kwenye udongo wa baridi, unang'aa humo kama kaa la moto. Wanavaa majoho ya kuzuia joto lisionekane, lakini ukisahau kufunika mkono tu, umeonekana. Majani yakipukutika msimu wa baridi, maficho yamekwisha. Theluji ikianguka, nyayo zako zinamwonyesha adui mlango wa shimo lako. Rafiki pekee aliyebaki ni hali mbaya ya hewa, mvua, upepo na ukungu. Novemba 2025 pale Pokrovsk, mji wa mashariki mwa Ukraine, Warusi waliingia mjini na pikipiki na magari chakavu ndani ya ukungu mzito, kwa sababu droni hazikuwa zikiona vizuri.

Kuhusu kuzivuruga mawimbi. Mwanzoni ilisaidia sana: unawasha mtambo, droni inapoteza mawasiliano na rubani, inaanguka. Kisha mwaka 2024 Warusi wakaanza kuleta droni za faiba. Waya uleule unaoleta intaneti majumbani, lakini mwembamba kama uzi wa kushonea, umeviringishwa kwenye kigurudumu chini ya droni, kilomita 10, 20. Droni inaruka huku ikiuacha nyuma. Haina mawimbi ya kuvuruga. Kwenye mapigano ya Kursk, mkoa wa Urusi ambao Waukraine waliuingia, ziliwaumiza sana Waukraine barabarani, na wao nao wakazitengeneza. Mashamba ya huko sasa yametandwa nyuzi hizo, jua likichomoza zinametameta kama utando wa buibui, na kuna ndege waliookota vipande wakajengea viota.

Droni hizi zina tabia moja mbaya kuliko zote. Inatua kando ya barabara, inazima mapangaboi, inasubiri. Saa nzima, hata zaidi. Kamera iko wazi. Ukipita, inainuka nyuma yako. Huko wanaiita kwa neno lenye maana ya "msubiriji".

Sasa tuingie kwenye kichwa cha mtu. Kwangu hii ndiyo sehemu nzito kuliko zote.

Kuna mdau hapo juu ameandika kwamba mizinga ya Vita ya Kwanza ya Dunia ilikuwa mibaya zaidi, watu walipigwa siku nzima mpaka wakapoteza akili. Mkuu, kwa idadi ya waliokufa sikubishii. Lakini mzinga haukujui. Bomu la mzinga linatupwa eneo ulipo, na askari mzoefu hujifunza kulisoma: hili limepita, hili linakuja, lala chini. Ukinusurika unasema Mungu mkubwa. Droni inakutazama wewe. Inasimama juu yako, inazunguka, inachagua upande wa kuingilia. Nimeona video ambazo mtu amelala chali na anamtazama rubani machoni kupitia kamera. Wengine wanapiga ishara ya msalaba. Wengine wanaitupia fimbo, kofia, bunduki iliyokwisha risasi. Hakuna namna ya kujiambia "bahati mbaya". Kuna mtu ameamua.

Halafu kuna sauti. Nilimtafutia mjomba video moja ya ndani ya handaki, nikamfunika macho kwa kiganja ili asikie tu. Ni mlio wa mbu, mkali, unakuja na kupotea, unakuja na kupotea, na chini yake pumzi za watu watatu ambao hawasemi kitu. Dakika mbili hivi. Akauondoa mkono wangu. Akauliza, "Wanalala saa ngapi hawa?" Ndilo swali lenyewe. Hawalali. Ubongo unajifunza kuusikiliza mlio ule hata ukiwa usingizini, na unaendelea hivyo hata ukirudi nyumbani. Waliorudi wanasimulia kwamba mashine ya kukata majani, au pikipiki inayokatiza mtaani, inawatupa chini kabla hawajawaza.

Askari wengine wanabeba kifaa kidogo cha mfukoni kinacholia droni ikikaribia. Kipo kingine chenye kioo, kinachonasa picha inayorushwa na droni yenyewe. Fikiria hilo taratibu. Umekaa ndani ya shimo, umeshika kioo, unaona msitu kutoka juu. Unaona njia. Unaona mti uliovunjika ambao unaujua. Halafu unaona paa la shimo lako, linakua. Na ikiwa ni ya faiba, kifaa hakisemi lolote.

Nalitaja na jambo la heshima, kwa sababu kwetu maiti ina heshima yake. Pande zote mbili zinarekodi kila shambulio, na video zinawekwa Telegram, nyingi zikiwa zimetiwa muziki. Askari anajua kwamba dakika yake ya mwisho inaweza kutazamwa na watu wasiomjua, na pengine na mama yake. Wapo waliojiua wenyewe baada ya kujeruhiwa, kamera ikiwa juu yao. Niliziona mbili tatu, nikaacha. Naomba msiziweke kwenye uzi huu.

Kwa upande mwingine, droni hiyohiyo imewahi kumwacha mtu hai. Mei 2023 karibu na Bakhmut, askari mmoja wa Urusi aliyebaki peke yake handakini aliiashiria droni ya Ukraine kwa mikono, akiomba asiuawe. Rubani akamdondoshea karatasi ya maelekezo, naye askari akaifuata droni mpaka upande wa pili akiwa hai. Tangu mwisho wa 2022 Ukraine imetoa hata maelekezo ya namna ya kujisalimisha kwa droni.

Na majeruhi. Mjomba ndiye aliyeniuliza: "Aliyeumia nani anambeba?" Jeshini jibu siku zote lilikuwa moja, wenzako wanakubeba. Watu wanne na machela. Leo watu wanne na machela ndiyo shabaha nzuri kuliko zote, na marubani wanalijua hilo, wanamwacha majeruhi kama chambo. Kwa hiyo mtu anajifunga mwenyewe mkanda wa kuzuia damu, anasubiri giza, giza likija linakuja na kamera ya joto, anasubiri ukungu. Mkanda ule haupaswi kukaa zaidi ya saa mbili hivi. Unakaa siku nzima, na mguu ambao ungeshonwa unakatwa. Waukraine sasa wanatuma vigari visivyo na dereva, vya magurudumu au minyororo, mgonjwa analazwa juu na kuvutwa kilomita nyingi akiwa peke yake chini ya anga lile. Ni msaada mkubwa, umeokoa wengi. Lakini fikiria upweke wa safari ile.

Waliokufa wanabaki pale walipoangukia. Miezi.

Kwa walioniuliza kuhusu raia: ndiyo. Pale Kherson, mji wa kusini mwa Ukraine, marubani wa Urusi wamewawinda watu sokoni, kwenye baiskeli, vituo vya basi. Tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa ilisema mwaka 2025 kwamba hayo ni uhalifu dhidi ya ubinadamu. Hilo linataka uzi wake.

Mkuu uliyeuliza kuhusu Kongo, kwamba je, haya yatatufikia. Yameanza kwa sura nyingine. Kinshasa ilipata droni za China aina ya CH-4 mwaka 2023. Februari 2024 uwanja wa ndege wa Goma ulishambuliwa, jeshi la Kongo likasema ni droni zilizotoka Rwanda. Lakini vijana wetu watatu ambao SADC ilitangaza vifo vyao Aprili 2024 waliuawa kwa bomu la mota, silaha ya miaka mia. Goma ikaanguka Januari 2025 kwa vita ambayo mjomba angeitambua. Ninachokihofia ni zile ndogo. Hazihitaji uwanja wa ndege wala kiwanda kikubwa, na vipuri vyake vinauzwa wazi mtandaoni. Makamanda wetu, naamini, wanajifunza. Naomba wajifunze na upande wa machela, na wa kichwa, si wa kurusha peke yake.

Narudi kwa yule kijana. Kuna mdau ameandika "acheni woga, pesa ni pesa". Ndugu yangu, mimi sikumtukana anayetafuta riziki, kazi za kuchomelea mtaani tunazijua zinalipaje. Lakini sikiliza. Novemba 2025 Ukraine ilisema imewatambua raia 1,436 wa nchi 36 za Afrika waliokuwa wakipigana upande wa Urusi. Mwezi huohuo serikali ya Kenya ikakiri kwamba Wakenya zaidi ya 200 huenda wamejiunga, wengine wakiwa wameahidiwa kazi za kawaida kabisa. Mtanzania mwenzetu, aliyekwenda Urusi kusoma, aliuawa vitani Ukraine Oktoba 2022 akiwa na Wagner, kundi la mamluki wa Urusi, na mwili wake ukafika Dar es Salaam Januari 2023. Mwili ulifika. Tangu droni zijae, wangapi watafika?

Mgeni asiyejua lugha, mwenye mafunzo ya wiki mbili, hapewi miwani ya rubani. Anapewa bunduki na kuambiwa atembee kuelekea mstari wa miti. Yeye ndiye anayetembea ili droni za adui zijionyeshe.

Nakujibu na wewe dada uliyeandika saa nane usiku kwamba mdogo wako yuko Moscow na ameshasainishwa karatasi za Kirusi. Mambo matatu. Mkataba wa jeshi la Urusi, hata kama umeandikwa mwaka mmoja, hauishi mwaka ukiisha: amri ya Putin ya Septemba 2022 ya kuita askari wa akiba iliirefusha mikataba hiyo mpaka amri yenyewe itakapoondolewa, kwa hiyo asijidanganye kwamba atahesabu miezi. La pili, kama bado yuko mjini na simu anayo, aende ubalozini kwetu kwa miguu yake, leo, asingoje kupigiwa. Akishapelekwa kambini simu inaweza kuchukuliwa. La tatu, kama ameshavuka na yuko mbele, ule mpango wa Ukraine wa kupokea wanaojisalimisha upo, unaitwa Nataka Kuishi, na ndugu wa askari wanaruhusiwa kuwasiliana nao kwa niaba yake.

Usiandike jina lake hapa, wala picha ya hati zake. Niandikie kwa ujumbe wa faragha, mjomba amesema yuko tayari kuongea na mama yenu kwa simu.